Tumpe Jina Aliyeelewa Leo

Mtu asiyeelewa jambo hakosi jina kwetu. Ataitwa zuzu, bwege, juha, mbumbumbu, mbulula. Akiwa shuleni ataitwa kilaza, na akiwa mgeni mjini ataitwa mshamba hata kama alikotoka ni kukubwa kuliko hapo. Kila kizazi kinaongeza la kwake, na vijana wa vijiweni hawachoki kubuni jingine. Hapo hatuna upungufu. Sasa mtazame mtu huyohuyo dakika ile anapoelewa. Jambo lililomsumbua wiki nzima limemfungukia ghafla, macho yamemtoka, kajipiga paja, kasema "Kumbe!" Anaitwaje huyo? Na hicho alichokipata kinaitwaje? Kamusi itakupa kung'amua, kubaini, kuzinduka, kutanabahi. Ni maneno mazuri, yenye heshima zake, yanayofaa hotubani. Ila sijasikia mtoto akikimbia nyumbani kumwambia mama yake kwamba leo ametanabahi.

Wito wangu kwako, ndugu msomaji, ni huu: tubuni maneno ya mchezo kwa ajili ya saa hiyo ya "kumbe". Tuyatumie darasani, nyumbani, redioni na kijiweni, mpaka aliyeelewa awe na majina mengi kama asiyeelewa. Utasema nchi ina mambo makubwa zaidi ya kuandikiwa wito. Inayo, lakini hili nalo si dogo, na ushahidi tunao humu humu nchini.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba kule Lushoto, wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Maziwa yalichemshwa, yakatiwa sukari, yakaachwa yapoe, ndipo yakaingizwa kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu na kila mtu aliigombea. Erasto Mpemba, wa kidato cha tatu, aliona mwenzake anaharakisha kuingiza maziwa yasiyochemshwa kabisa. Naye akahofia kukosa nafasi, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado ni uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza, lakini halikumtoka. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba wao huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, maana ndivyo unavyoganda upesi.

Sasa fika naye shule ya Mkwawa, Iringa, alikokwenda kwa masomo ya juu. Mwalimu anafundisha jinsi vitu vinavyopoa, Mpemba anauliza swali lake tena. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba hiyo si fizikia ya dunia, hiyo ni fizikia ya Mpemba. Darasa likacheka na kulidaka neno. Tangu hapo akikosea hesabu ndogo tu, akisoma vibaya jedwali la logi, mwalimu anasema, na darasa linamwitikia: hiyo hesabu ya Mpemba.

Mwalimu na vijana wake hawakukosa ubunifu. Walitunga msemo mfupi, unaochekesha, unaokaa mdomoni, na ukaenea darasa zima. Mtunzi wa matangazo ya biashara angeuonea wivu. Ila waliutunga ili kumfunika mtu aliyeona kitu ambacho wao hawajakiona.

Siku Dakta Denis Osborne alipotoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, Mpemba alinyanyua mkono akauliza swali lilelile, na wenzake wakamlaumu kwa kuwaaibisha mbele ya mgeni. Osborne hakucheka. Alikiri kwamba hajui, akaahidi kulijaribu akirudi Dar. Alimpa fundi wake wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Walirudia, na matokeo hayakugeuka. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja katika jarida la Physics Education; wakati huo Mpemba alikuwa akisomea wanyamapori katika chuo cha Mweka, Moshi. Leo wanafizikia wa kila bara wanataja "athari ya Mpemba". Wengine wanaikubali, wengine wanadai vipimo havitoshi kuithibitisha, na mabishano hayajaisha. Lakini jina limebaki. Lile la kejeli lilianzia darasani na likaishia humo humo, hili la heshima limezunguka dunia, na mtu aliyebeba majina yote mawili ni mmoja.

Ninachojiuliza kila nikikumbuka kisa hiki si kuhusu Mpemba, maana yeye alikuwa na roho ngumu. Nawawaza wanafunzi waliokaa naye dawati moja, ambao labda waliona kitu cha ajabu kwenye shamba la baba au jikoni kwa shangazi, wakaona jinsi Mpemba alivyofanywa, wakafunga midomo.

Babu na bibi zetu walikuwa na adabu bora zaidi kuhusu kutojua. Katika mchezo wa vitendawili mtu anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitika "Tega!", naye anatega: nyumba yangu haina mlango. Mkishindwa, anadai mji. Mnampa Bagamoyo anaukataa, mnampa Mombasa anaukubali, anautembelea kwa maneno, anakula wali na samaki wa huko, kisha ndipo anafumbua kwamba ni yai. Baraza zima linapumua "Aaah, kumbe!" na kicheko kinapasuka. Ukishindwa unapoteza mji, lakini hakuna anayekuita kilaza. Tena aliyeshindwa ndiye anayefaidi zaidi, kwa kuwa aliyelijua jibu toka mwanzo haipati ile ladha ya kufumbuliwa. Kabla ya somo la saikolojia kufika pwani, watu walishajua kwamba kuelewa kwa ghafla ni starehe na kwamba starehe hiyo inanoga penye kicheko.

Wataalamu wamelipima hilo. Kuna jaribio la siku nyingi lililobuniwa na Mjerumani Karl Duncker: unapewa mshumaa, kiberiti na kiboksi kilichojaa pini, unaambiwa uutundike mshumaa ukutani uwake bila nta kudondoka chini. Wengi wanahangaika kuuchoma mshumaa kwa pini, au kuuyeyusha ubavu ili ugande ukutani. Jibu ni kumwaga pini, kukibana kiboksi ukutani kwa hizohizo pini, na kusimamisha mshumaa ndani yake. Mpaka hapo kiboksi kilikuwa chombo cha kuhifadhia pini tu, na ghafla kinageuka rafu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Alice Isen na wenzake walitoa taarifa kwamba watu waliooneshwa kwanza filamu fupi ya vichekesho walilipata jibu hilo kwa wingi kuliko ambao hawakuchekeshwa. Mwalimu anayeingia darasani na fimbo mkononi na neno "mbumbumbu" mdomoni anafanya kazi iliyo kinyume cha ile aliyoajiriwa kuifanya.

Wajerumani haohao walifanya jambo moja ambalo nataka tuliige. Mwanzoni mwa karne ya 20 Karl Bühler alitafuta jina la ile hali ya kuelewa ghafla, hakwenda mbali: aliuchukua mlio wenyewe unaomtoka mtu, "aha", akaufanya jina, akasema ni tukio la aha. Saikolojia ya dunia nzima imelipokea. Sisi mlio wetu ni "kumbe", na bado tumeuacha uwe mlio tu. Uingie kwenye ngeli! Tuseme kumbe hii, kumbe zangu za wiki hii, nimepata kumbe kubwa leo asubuhi kwenye foleni ya maji.

Tukishakuwa na kumbe kama kitu, watoto wake watazaliwa wenyewe. Nitajaribu kuwazaa wachache, nawe uwachambue.

Kuna kumbe inayofungua nyingine, na hiyo nyingine inafungua ya tatu. Mwanafunzi wa kemia akishaelewa kwa nini chumvi inayeyuka majini, hapo hapo anaelewa kwa nini mafuta hayachanganyiki na maji, kisha kwa nini sabuni inatoa mafuta kwenye sahani, na kabla hajakaa vizuri linakuja lingine. Hizo ziitwe kumbekumbe, kwa sababu zinatoka kama kumbikumbi baada ya mvua ya kwanza: ukimwona mmoja, lete beseni.

Kuna kumbe iliyochelewa. Mtu amepanda daladala tangu utotoni, ana watoto wanaopanda daladala, na leo ndiyo anasikia kwamba jina limetokana na "dala", sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli zama hizo. Anashangaa kwa sauti, na kila aliye kwenye kiti cha jirani anamcheka kwa kuwa yeye alilijua zamani. Huyo amepata kumbekuukuu. Nalipendekeza neno hili kwa moyo wote, kwa kuwa linampa mtu njia ya kujikinga kabla hajachekwa. Akitangulia kusema, "Jamani, leo nimepata kumbekuukuu," kicheko kinakuwa cha wote. Watu wazima ndio wanaolihitaji kuliko watoto. Ni wangapi wanaotia saini mkataba wa mkopo bila kuuelewa, kwa kuwa wanaona umri wao haufai tena kuuliza riba maana yake nini?

Kuna kumbe isiyokuwepo. Umeruka, umeshangilia, umewaita watu, halafu baada ya dakika mbili unagundua hukuelewa kitu. Nchi iliyowahi kuwasaka wafanyakazi hewa haiwezi kukosa jina la hiyo: ni kumbe hewa. Faida yake ni kwamba inamwezesha mtu kurudi nyuma bila vita. Fikiria mkutano wa kijiji ambako mjumbe amesimama kueleza namna ya kuumaliza mgogoro wa mpaka wa shamba, kisha yeye mwenyewe anaona hesabu yake haikubali. Kwa sasa hana la kufanya ila kung'ang'ania mpaka jioni. Akiwa na neno la kuchekesha la kutokea, atasema ilikuwa kumbe hewa, atakaa chini, mkutano utasonga mbele.

Kuna kumbemimi, ambayo watu wa pwani wataielewa bila maelezo. Taarabu inapigwa, mwimbaji anampasha "mtu fulani", wewe unatikisa mabega na kutunza noti, na kwenye ubeti wa tatu unaanza kuona kwamba huyo fulani ana nyumba yenye rangi ya nyumba yako. Au jirani amepita mbele ya mlango wako mara nne na kanga ileile, na mara ya nne ndiyo unausoma ule mstari uliochapwa juu yake.

Jibunjia ni lile jibu kali linalokujia ukiwa umeshaondoka kwenye mabishano. Wafaransa wanaliita akili ya ngazini, msemo unaotokana na maandishi ya mwandishi wao Diderot wa karne ya 18: mtu anashuka ngazi za jumba la karamu ndipo jibu linapomjia. Sisi linatujia tukiwa tumeshashuka kituoni na gari limeondoka na mbishi wetu.

Ila katika hizi zote ninayoililia ni kumbebubu, kumbe iliyomeza ulimi. Karani ameona kosa kwenye makadirio ya bajeti na mkurugenzi bado anazungumza. Muuguzi mpya ametambua kwamba kipimo cha dawa kilichoandikwa si cha mtoto, na daktari ni mtu mzima wa kuheshimika. Msichana wa darasa la sita amejua swali la ubaoni limekosewa. Wote hao wameelewa, na wote wamenyamaza, kwa kuwa lugha yetu ya heshima haijawatengenezea mlango wa kupitia. "Umekosea" ni neno zito kumwambia mkubwa. Lakini "Shikamoo mwalimu, samahani, nina kumbebubu" lina heshima ndani yake na lina utani ndani yake, na mkubwa mwenye busara atasema, "Haya, itoe." Nakubali kwamba neno peke yake halimfanyi bosi mkali awe mpole. Hata hivyo huo ni mwanzo, na ni mwanzo usio na gharama.

Kama huna ujuzi wa kuunganisha maneno, tumia ramani. Mwaka 1983 Waingereza wawili, Douglas Adams na John Lloyd, walichapisha kamusi ya utani, The Meaning of Liff, ambamo walichukua majina ya miji na vijiji yaliyokaa bure kwenye vibao vya barabarani wakayapa maana za mambo yasiyo na majina. Sisi tunayo Chalinze. Ukitoka Dar hapo ndipo njia zinapoachana, moja inashika Morogoro, nyingine inakwenda Segera mpaka Tanga na Arusha. Basi chalinze iwe ile kumbe inayokujia baada ya kuipita njia panda: umeshakubali kazi, umeshalipa ada, umeshahama, ndipo unaona ulipaswa kukata kulia. "Nimepatwa na chalinze," mtu aseme, na msikilizaji ataelewa kwamba hahitaji kushauriwa, anahitaji kupewa kiti.

Wapo watakaoniambia kwamba huku ni kuichafua lugha, kwamba maneno yana wenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo kwa sheria tangu mwaka 1967, lina kazi yake ya kusanifu, na siliingilii. Lakini maneno hayajawahi kusubiri kikao. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu alikaa akaunganisha "rununu", sauti itokayo mbali, na "maninga", yaani macho, akatupatia runinga. Leo watangazaji wanaitamka kama iliyotoka kwa Adamu. Ikulu tumeichukua kwa Wanyamwezi na Wasukuma, kwao ni makao ya mtemi. Hata huko ng'ambo, tarehe 28 Januari 1754 Horace Walpole alikuwa anamwandikia rafiki yake barua, akajibunia neno "serendipity" la kuelezea bahati ya kugundua usichokitafuta. Alilitoa kwenye hekaya ya wana watatu wa mfalme wa Serendibu, kisiwa kilekile ambacho wasomaji wa Alfu Lela U Lela wanakijua kwa safari za Sindbadi. Ulikuwa mzaha wa barua moja, na sasa limo katika kila kamusi ya Kiingereza. Kwa hiyo mwenye kuogopa mzaha aogope, sisi tuendelee.

Ninachokiogopa mimi ni kingine. Kejeli inakula kila kitu, na si ajabu baada ya mwezi mmoja kusikia mtoto akiitwa "kumbekuukuu" kama anavyoitwa kilaza leo. Likifika hapo tulitupe bila huruma, tubuni jingine. Neno la aina hii linafaa pale mtu anapojiita nalo mwenyewe. Akibandikwa na mwingine, limeshaharibika.

Walimu wangu, nyinyi ndio mnaokaa karibu na jambo hili kuliko mtu yeyote. Mwanafunzi akisema "Kumbe!" katikati ya somo, msimnyamazishe kwa kuwa amepiga kelele. Simamisheni somo, mwambieni aeleze kwa maneno yake kilichomfungukia, maana aliyeelewa dakika hii bado anaikumbuka njia aliyopitia, na mwenzake wa dawati la nyuma atamwelewa yeye kabla ya kuwaelewa nyinyi. Acheni kona ya ubao iwe ya kumbe za wiki, na kila mtoto atunge jina la ya kwake.

Watangazaji wa redio, mna vipindi vya asubuhi vinavyojaza saa nzima kwa kuwauliza wasikilizaji nani kamwacha nani. Tengeni dakika kumi za kumbe. Wachora katuni, hapa pana mali ya bure. Vijana wa Nairobi mnaobadilisha Sheng kila muhula, na nyinyi wa Lubumbashi na Bujumbura mnaokizungumza Kiswahili kwa mapigo yenu, tuleteeni ya kwenu. Naamini mnazo kumbe ambazo huku hatujawahi kuzipata.

Tena tuna siku yetu. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Kila mwaka inapita kwa hotuba, ngonjera na fulana. Mwaka huu shule yako, msikiti wako, kanisa lako au kikundi chako cha vikoba kifanye shindano moja dogo: nani ameleta neno zuri kuliko yote la saa ya kuelewa, na mshindi apewe mji, kama kwenye vitendawili. Apewe Bagamoyo, akikataa apewe Mombasa.

Lakini usingoje Julai. Leo usiku mwulize mtoto aliye karibu nawe ni kitu gani alichokielewa wiki hii ambacho wiki iliyopita hakukielewa, kisha umweleze cha kwako. Mkikosa neno la kukiita, litungeni papo hapo, na kesho mlipeleke mtaani.